Rahisi Huvunja Upishi: Kompyuta za Bei Poa za Texas na Linux Yetu

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Anayenunua nazi kwa kutazama bei tu, asiitikise sikioni akasikia maji, ataujua ukweli wake jikoni, wakati wageni wamekwisha kukaa mkekani. Sisi wa Dallas, Fort Worth na Houston tulifundishwa methali hiyo upya katika miaka ya mwanzo ya 2000, na nazi yetu ilikuwa kompyuta.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnaikumbuka hali ile. Mtu ametoka zamu ya usiku ya kubeba boksi, ana watoto wanaotaka mashine ya kufanyia kazi za shule, ana mama Tanga au Kisumu anayesubiri habari, na kompyuta mpya ya maana inakula mshahara wa wiki mbili. Basi ilibidi kwenda Dallas mjini, kwenye soko la vifaa vya elektroniki lililojulikana kwa jina la First Saturday, kwa kuwa lilifanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wazoefu walifika tangu usiku wa Ijumaa, tochi mkononi, wakichungulia ndani ya magari ya wauzaji kabla jua halijachomoza. Hapo masanduku yaliyotupwa na maofisi yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Mara nyingi diski ilikuwa imefutwa, au ilikuwa na Windows isiyo na leseni, na leseni mpya ilikuwa ghali kuliko mashine yenyewe. Ndipo wenzetu wachache wenye subira wakatuletea CD za Linux, wakasema: hii ni bure, tena ni halali.

Ilikuwa bure kweli, na halali kweli. Ila haikuwa nyepesi. Tulikaa sebuleni kwa mwenzetu mmoja pale Arlington, chai ya maziwa mezani, tukitazama maandishi meupe yakishuka kwenye skrini nyeusi. Mashine iliwaka. Lakini haikutoa sauti, picha ilikuja kwa rangi kumi na sita tu, na modemu, ambayo ndiyo tuliyoitaka kuliko vyote, ilikaa kimya kama iliyokatwa ulimi. Jina la kampuni iliyoiunda mashine ile tunalihifadhi. Tuliilaumu Linux. Ilituchukua muda kufahamu kwamba kisa chenyewe hakikuanzia kwenye CD ile. Sehemu yake kubwa ilianzia hapa hapa Texas, kati ya Houston na Richardson, na ni historia inayofaa kusimuliwa, kwani bado tunaishi ndani yake.

Houston, 1982

Mwezi Februari 1982 wahandisi watatu, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, waliacha kazi katika kampuni ya Texas Instruments wakaanzisha ya kwao mjini Houston. Inasimuliwa kwamba mashine yao ya kwanza ilichorwa juu ya karatasi ya kutandikia sahani, katika mkahawa wa House of Pies. Kampuni hiyo ikaitwa Compaq.

IBM ilikuwa imetoa kompyuta yake ya binafsi Agosti 1981, na waandishi wa programu walikuwa wakiifuata kama kuku wanavyofuata mtama. Sehemu nyingi za mashine ya IBM yeyote aliweza kuzinunua. Kilichokuwa na kufuli ni programu ndogo iliyozikwa ndani ya chipu, iitwayo BIOS, ambayo kazi yake ni kuiamsha mashine na kuikutanisha na vifaa vyake. IBM walikuwa wameichapisha katika kitabu chao cha ufundi, lakini hakimiliki ilikuwa yao, na aliyeinakili angekutana nao mahakamani.

Compaq walifanya hivi: kundi moja la wahandisi liliisoma programu ya IBM na kuandika orodha ya kazi inazozifanya, bila kunakili mstari. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwa wameiona kabisa programu hiyo, lilipewa orodha tu, likaandika programu mpya tangu mwanzo. Matokeo yalitenda kama ya IBM lakini hayakuwa ya IBM. Mashine iliyotangazwa Novemba 1982 iliuzwa kwa dola 2,995, ilikuwa na uzito wa kilo 13 hivi, na waliita hiyo ni ya kubebeka! Katika mwaka wake wa kwanza wa mauzo, 1983, Compaq iliuza bidhaa za dola milioni 111.

Njia ikawa imefunguliwa. Wengine walifuata, Marekani na Asia, na bei ikaanza kushuka. Mwaka 1986 Compaq waliwatangulia hata IBM wenyewe kwa kutoa mashine yenye kichakataji cha 386. Januari 1991, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kompyuta ya 386 ya kuigiza IBM, na juu ya mashine hiyo akaanza kuandika mfumo aliowatangazia wenzake Agosti mwaka huo huo. Huo ndio Linux. Kwa hiyo tunaposema Linux ilizaliwa Ufini tunasema kweli, lakini kitanda ilichozaliwa juu yake kina mbao za Houston.

Richardson, 1988

Mwaka 1988 wahandisi wengine waliotoka Texas Instruments, Jerry Rogers na Tom Brightman, walianzisha kampuni ya Cyrix huko Richardson, kaskazini mwa Dallas. Walichowafanyia Intel kinafanana na kile Compaq walichowafanyia IBM: waliunda chipu zao wenyewe zinazotii amri zile zile, wakaziuza kwa bei ya chini. Intel waliwashitaki, Cyrix waliendelea.

Mwishoni mwa 1995 walitoa kichakataji cha 6x86. Kilikuwa na haraka katika kazi za ofisi, dhaifu katika hesabu za desimali, na kilichemka kama sufuria ya maharage. Hata jina lake lilihitaji kusomwa kwa makini: ile iliyoandikwa PR200+ ilitembea kwa megahezi 150, na ile 200 ilimaanisha kwamba inajilinganisha na Pentium ya 200. Mwaka 1997 ikagunduliwa kasoro iliyopewa jina la kukosa fahamu: mzunguko fulani wa amri chache uliweza kuigandisha mashine mpaka uizime kwa swichi.

Hapo ndipo Linux ilionyesha tabia yake. Waandishi wake walitia ndani ya kiini cha mfumo huo kipande kinachokitambua kichakataji cha Cyrix na kugeuza swichi ya ndani inayoikwepa kasoro. Tena, kwa miaka kadhaa, mtu akiiuliza Linux habari za kichakataji chake, ilimwonyesha orodha ya maradhi yanayojulikana, ya Intel na ya Cyrix pia, na mbele ya kila moja ndiyo au hapana. Haikumficha mgonjwa ugonjwa wake, wala haikumtupa. Sisi tuliozoea kuambiwa na mafundi kwamba mashine ya bei poa haina dawa, jambo hilo lilituingia moyoni.

Sanduku la dola 999

Februari 1997 barabara hizi mbili zilikutana. Compaq ya Houston ilitoa Presario 2100 kwa dola 999, bila skrini, na ndani yake kukawa na kichakataji kipya cha Cyrix ya Richardson kilichoitwa MediaGX, cha megahezi 133. Kabla ya hapo, kampuni kubwa kuuza kompyuta mpya chini ya dola elfu moja lilikuwa jambo la nadra. Baada ya hapo likawa jambo la kawaida, na washindani wakalazimika kufuata.

Swali ni hili: zile dola zilizopungua zilitoka wapi? Hapa msomaji atuvumilie kidogo, kwani ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Kompyuta ya wakati ule ilikuwa na chipu ya picha yenye kumbukumbu yake, na kadi ya sauti yenye chipu yake. Cyrix waliziondoa. Kazi ya picha waliihamishia ndani ya kichakataji chenyewe, kikakopa kumbukumbu kutoka ile kuu. Na kadi ya sauti, ndugu zangu, waliiigiza. Programu ilipopeleka amri kwa kadi ya sauti, kichakataji kilisimama ghafla, kikaingia chumba cha siri, kikaendesha humo programu nyingine iliyojifanya kadi ya sauti, kisha kikarudi na kuendelea kama vile hapakutokea kitu. Mfumo mkuu wa mashine haukujua kwamba ulikuwa umezimia. Ni kama mtu anayepiga hodi nyumba ya jirani, akaitikiwa kwa sauti ya jirani, kumbe aliyeitika ni kaka yake mwenyewe aliyezunguka mlango wa nyuma.

Ulikuwa werevu mkubwa, na bila werevu huo familia nyingi zisingeiona kompyuta. Hatusemi kwa kejeli. Lakini kilichotolewa kwenye chuma kiliingizwa kwenye programu, na programu ile ya chumba cha siri haikuwa wazi kwa yeyote kuisoma. Mwenye Windows alipata kila kitu kimekwisha kupangwa kiwandani. Mwenye Linux alibaki nje. Kwa kila kifaa, mfumo unahitaji programu ndogo inayojua namna ya kukiendesha; mafundi huiita draiva, na sisi tuliiita dereva, kwa maana basi linaweza kuwa zima, lina mafuta na abiria, lakini bila dereva halitoki stendi.

Madereva waliandikwa kidogo kidogo, na watu waliokuwa wakijitolea au walioajiriwa na kampuni za Linux. Mradi wa XFree86 uliandika dereva wa picha za MediaGX. Mwaka 2003 Mwingereza Alan Cox, aliyekuwa akifanya kazi Red Hat, aliandika faili fupi ya kuiamsha sauti ile ya kuigiza, na ndani yake akaeleza kwa uungwana kwamba uigizaji wenyewe ni mzuri kiasi, ila una kasoro, akazitaja. Tazama tarehe: sanduku lilitoka 1997, faili ikaandikwa 2003. Miaka sita! Ndiyo maana mashine zilizotufikia sokoni zikiwa zimezeeka zilikubali Linux kuliko zilipokuwa mpya. Umaskini wetu wa kununua vya zamani ulituwekea akiba ya kazi ya watu wengine.

Modemu iliyokatwa ulimi

Modemu ilikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo. Modemu kamili ilikuwa na ubongo wake: ilipokea herufi upande mmoja, ikatoa milio ya simu upande wa pili. Watengenezaji wakaona kwamba wakiutoa ubongo huo na kumwachia kichakataji kikuu kazi ya kutengeneza milio, watapunguza gharama. Modemu hizo ziliitwa winmodem, jina lenye Windows ndani yake, na lilikuwa tangazo la haki: bila programu ya Windows, kile kilichomo ni kipande cha plastiki chenye tundu la waya wa simu.

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Kadi za kupigia simu nyumbani ziliisha kabla salamu hazijaisha, na barua pepe ndiyo ilikuwa daraja. Dawa tuliyoipata ilikuwa ya kizamani: modemu ya nje, ile yenye sanduku lake na taa nyekundu, inayochomekwa nyuma ya mashine kwa waya mnene. Ziliuzwa kwa dola chache kwenye minada ya majumbani kwa sababu kila mtu alizidharau, nazo zilizungumza na Linux bila dereva maalumu. Maarifa hayo hatukuyabuni. Vikundi kama North Texas Linux Users Group upande wa Dallas, na HAL-PC, chama kikubwa cha watumiaji wa kompyuta kilichoanzishwa Houston mwaka 1982, viliwakusanya watu waliopenda kukaa Jumamosi nzima kumfungulia mgeni mashine yake bila kudai hata senti.

Kontena

Sasa tuungame letu. Kwa furaha ya kujua, tulikusanya mashine kadhaa, tukaziwekea Linux, tukazifunga kwa mablanketi na kuzipenyeza kwenye kontena la wenzetu lililokuwa likienda nyumbani, ziende shule moja ya pwani. Barua iliyorudi ilikuwa ya adabu, na ndiyo iliyotuuma. Mashine mbili zilitoa moshi siku ya kwanza. Nyuma ya kila moja kulikuwa na swichi nyekundu ya umeme, na tulikuwa tumeziacha kwenye 115, umeme wa Texas, wakati ukutani kule kulikuwa na 230. Zilizobaki ziliwaka, lakini tulikuwa tumezijaribu na intaneti ya kasi ya hapa, tukidhani kinachokosekana kitapakuliwa huko. Huko palikuwa na laini ya simu tu, na modemu zilizokuwamo ndani ni zile zile zisizo na ubongo. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Sisi tulipeleka kabla.

Kosa hilo hatumtupii aliyeunda mashine, wala aliyeandika Linux. Tulifanya yale yale tuliyowalaumu wengine: tulitoa kitu kwa bei ndogo, tukamwachia aliyepokea gharama iliyobaki.

Watoto wa Richardson

Cyrix yenyewe haikuishi sana. National Semiconductor iliinunua mwaka 1997, na mwaka 1999 jina likauzwa kwa VIA ya Taiwan. VIA ilinunua pia kundi la wahandisi wa Centaur hapo Austin, na vichakataji vyao vya C3 ndivyo vilivyokuwamo katika kompyuta za dola 199 ambazo Wal-Mart iliziuza mwaka 2002 zikiwa na Linux ya Lindows. Hata humo palikuwa na mtego: C3 za mwanzo zilikosa amri moja iliyokuwamo katika vichakataji vya Intel vya kizazi hicho, na Linux iliyotengenezwa kwa kuitegemea amri hiyo iligoma. Compaq nayo ilimezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002.

Lakini mbegu ya MediaGX iliendelea kwa jina la Geode, ikauzwa kwa AMD mwaka 2003, na mwaka 2007 ikatokea mahali ambapo hapana mtu wa Richardson aliyetazamia: ndani ya XO, ile kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe ya mradi wa One Laptop per Child. Kichakataji chake kilikuwa Geode ya megahezi 433, kumbukumbu megabaiti 256, na mfumo wake ulikuwa Linux. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuzipeleka shuleni mwaka 2008, na katika miaka iliyofuata walipokea zaidi ya 200,000. Wazo la sanduku la dola 999 lilikuwa limefika vilima vya Rwanda, safari hii Linux ikiwa imealikwa tangu siku ya kwanza.

Na Dar es Salaam je? Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria. Tulipoiweka kwenye mashine ya mzee mmoja wetu hapa Houston, alisoma menyu kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma majina ya jamaa zake.

Ya leo

Kwa nini tunayafufua haya? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama na vichakataji ambavyo mashine nyingi nzima hazinavyo. Maofisi ya Dallas na Houston yanatupa laptopu ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingi. Vijana wetu wameanza tena kuzikusanya, na wazo la kontena limerudi.

Tunawaunga mkono, ila mitego haijaisha. Baadhi ya laptopu za bei ya chini za miaka ya 2014 zina kichakataji cha biti 64 kinachoamshwa na programu ya biti 32, na CD au flashi nyingi za Linux haziwaki humo bila faili ya ziada. Baadhi zina diski ya gigabaiti 32 iliyogandishwa kwenye ubao, haibadilishiki. Na milango ya zamani inafungwa hata upande wa Linux: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakiniki tena kwenye mashine za biti 32.

Kwa hiyo, vijana wetu, kabla ya kununua iwasheni mashine kwa flashi ya Linux hapo hapo mbele ya muuzaji. Sikilizeni sauti, unganisheni intaneti isiyo na waya, ifungeni ilale kisha muiamshe. Kabla ya kuisafirisha, izimieni intaneti siku nzima mwone kama bado ina faida. Hakikisheni chaja inakubali umeme wa 230. Andikeni kwa Kiswahili, kwenye karatasi, nini mlikirekebisha na kwa njia gani, muibandike ndani ya mfuniko, ili fundi wa kule asianze gizani.

Sisi tulijifunza haya kwa moshi wa mashine mbili. Nazi hutikiswa sokoni. Jikoni ni kuchelewa.